Hisba ya Gati la Kituku

Katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ambacho Waarabu hukiita Al-Ahkam al-Sultaniyya, kadhi Abul Hasan al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, anaanza na ukhalifa wenyewe, kisha anashuka daraja kwa daraja, akipita uwaziri, uamiri wa majeshi, ukadhi, ugawaji wa zaka na ngawira, hata akafika mwishoni kwenye kazi ya muhtasibu, yaani yule mtumishi wa dola anayezunguka sokoni na njiani kuamrisha mema na kukataza maovu. Na hapo, baada ya mambo hayo makubwa yote, mwanachuoni huyo anasimama kidogo kuwataja wenye vyombo vya majini, akisema kwamba muhtasibu ana wajibu wa kuwazuia wasipakie zaidi ya uwezo wa chombo, kwa kuchelea kisizame, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali.

Msomaji wa leo huenda akashangaa kwa nini kitabu kilichotungwa kuwafunza watawala kiingie katika habari za shehena na upepo. Mimi naona hapo ndipo hikima yake ilipo. Al-Mawardi hakukaa mbali na dola akiipima kwa fikira tu. Alikuwa kadhi, alitumwa ujumbe baina ya khalifa na maamiri wa Buwayhi waliokuwa wameishika Baghdad kwa nguvu za silaha, na aliyaona kwa macho yake mamlaka makubwa yakibaki jina tupu. Mtu aliyeyaona hayo anajua kwamba kumsifu mtawala kwa elimu, ushujaa na uadilifu wake hakujamfaa raia kitu, mpaka siku ile mja dhaifu kabisa, asiye na jamaa serikalini wala fedha za kuhonga, anapotaka kuvuka maji, akute amri iliyotangulia kumlinda kabla hajakanyaga ubao wa chombo.

Nayasema haya kwa sababu ya Kituku. Kituku ni soko na bandari ndogo katika mtaa wa Kyeshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Ni hapo zinapotia gati boti zitokazo Minova zikiwa na ndizi, mihogo na maharagwe yanayoulisha mji. Na ni hapo pia wakazi wengi huteka maji ya ziwa kwa bidoni za manjano, kwa kuwa mabomba ya REGIDESO, shirika la umma la maji, hayawatoshi. Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iitwayo MV Merdi, iliyokuwa imetoka Minova katika mkoa wa Kivu Kusini, ilipinduka ikiwa inakaribia kutia gati hapo, mita mia kadhaa tu kutoka nchi kavu, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesimama ufukoni kuwapokea jamaa zao na mizigo yao. Mashahidi wakasema, na picha zikaonyesha, kwamba ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Kwa nini watu wengi kiasi hicho walikuwa majini, hilo halihitaji utafiti mrefu. Kutoka Minova hadi Goma ipo barabara, nayo hupita Sake. Lakini tangu miezi ya mwanzo ya mwaka 2024 mapigano baina ya jeshi la serikali na kundi la M23 yaliifunga njia ile kwa malori, na mama muuza ndizi, ambaye jana alikuwa akipanda lori, akawa hana budi kupanda boti, kwa kuwa watoto hula kila siku, vita viwepo visiwepo. Basi boti zile zile, gati lile lile na maafisa wale wale wa bandari, ambao katika siku za amani hawakuwa wakitosha, walipewa ghafula kazi ya kuubeba mji mzima. Na hakuna aliyewaongezea chombo, wala mtu, wala kanuni. Maafa ya Kituku yalianzia nchi kavu muda mrefu kabla hayajafika majini, na jamaa za waliokufa walilijua hilo, maana walipokusanyika bandarini kulalamika walilia kwa ajili ya usalama uliopotea katika nchi, wala si kwa ajili ya boti peke yake.

Lakini jambo lililofuata ndilo linalonikera zaidi, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema kwamba boti ilikuwa na abiria 278 na kwamba 78 kati yao wamekufa. Wakuu wa Kivu Kaskazini, ambako maiti ziliopolewa, wakataja wafu 34. Mikoa miwili ya dola moja, chombo kimoja, siku moja, na baina ya hesabu hizi mbili kuna pengo la roho 44. Hitilafu kama hii haitokani na kosa la karani aliyekosea kujumlisha. Inatokana na kwamba hapakuwa na orodha kamili ya kuaminika, iliyobaki nchi kavu upande wa Minova, yenye majina ya watu waliopanda. Na pasipo orodha, mtu aliyezama bila ya jamaa wa kumtafuta hajulikani kuwa amekufa, kwa sababu hakujulikana kuwa alisafiri. Ni huzuni kubwa mtu kufa maji. Lakini kufa maji na serikali isijue kwamba ulikuwapo ni dhuluma ya pili juu ya ya kwanza, na hiyo ya pili haikutoka kwa Mungu wala kwa ziwa. Ilitoka kwetu wanadamu.

Wala ugonjwa huu haukuanza Kituku. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyo kubwa kuliko zote za Afrika isipokuwa Algeria, ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984, katika zama za Mobutu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu labda, na bado dola humkadiria tu. Nchi inayokadiria walio hai itahesabuje wafu?

Sasa tuwarejee wanafalsafa, maana wengi wao walipotaka kueleza dola walikimbilia mfano wa merikebu. Maarufu kuliko wote ni Plato wa Athens, ambaye katika kitabu chake juu ya dola alisimulia habari za chombo ambacho mabaharia wake wanagombania usukani, ilhali hakuna hata mmoja aliyejifunza kuongoza, na yule mmoja anayejua nyota na majira wanamwita mpuuzi atazamaye mawingu. Makusudio yake yalikuwa kuthibitisha kwamba usukani ni haki ya mwenye elimu, na kwamba miji haitapumzika na maovu hadi wanafalsafa watawale au watawala wawe wanafalsafa. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu wameshughulika na swali hilo la Plato, nani ashike usukani, na siasa za Kongo tangu uhuru wa 1960 zimeshughulika nalo hata kuchosha: awe huyu au yule, wa magharibi au wa mashariki, wa kalamu au wa bunduki. Swali la al-Mawardi ni jingine kabisa, nalo limesahauliwa. Yeye haulizi nani aongoze merikebu. Anauliza nani ana mamlaka ya kuizuia isiondoke.

Na Goma, katika miji yote ya Afrika Mashariki na Kati, una sababu ya pekee ya kulitafakari swali la Plato, kwa kuwa uliwahi kumpata mwanafalsafa mtawala. Ernest Wamba dia Wamba, mzaliwa wa Kongo ya Chini, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, akawa mmoja wa wanafikra walioheshimiwa sana barani, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Katika maandishi yake alitetea baraza la jadi la Waafrika, lile la watu kukaa chini ya mti na kusema kila mmoja neno lake mpaka chuki iliyofichika itoke nje na ipate dawa. Aliamini kwamba hilo ndilo shina la demokrasia ambayo wakoloni hawakuileta na kwa hiyo hawawezi kuiondoa. Mtu huyu, mwenye itikadi hiyo, mwezi Agosti 1998 alitokea Goma akiwa mkuu wa uasi wa RCD, uliokuwa ukiungwa mkono na majeshi ya Rwanda na Uganda. Na haukutimia mwaka, mwezi Mei 1999, wenzake wakamwondoa, naye akahamia Kisangani na kipande cha kundi kilichobaki naye. Alifariki Kinshasa mwaka 2020.

Sitaki kumdhihaki marehemu, maana aliipenda nchi yake na aliwaza kwa ajili yake kuliko wengi waliomhukumu. Lakini kisa chake ni hoja nzito, na anayeandika juu ya Goma hapaswi kuikwepa. Fikira juu ya baraza ilikuwa nzuri, na mwenye fikira hiyo aliwekwa juu kabisa, penye muhuri na jina la urais, na juu ya hayo hakuweza kuwazuia wenye silaha wasifanye walilotaka, si mjini wala vijijini. Kwa nini? Kwa sababu elimu yake ilikuwa kichwani mwake peke yake. Haikuwa imeteremka ikawa kanuni mikononi mwa karani wa soko, mlinzi wa kizuizi na afisa wa gati, watu ambao kila mmoja angeweza kusema hapana na hapana yake ikasimama. Mwanafalsafa akikaa juu ya dola isiyo na viungo ni mgeni mheshimiwa katika nyumba ya watu wengine, na siku wakichoka naye humwonyesha mlango.

Ndiyo maana nimemchagua al-Mawardi awe mwalimu wetu katika jambo hili, hasa sura yake ya hisba, yaani kazi hiyo ya muhtasibu, ambamo kuna mafundisho mawili ambayo naona yamewekwa kama kwa ajili ya Kituku. La kwanza ni kwamba kuamrisha mema ni wajibu wa Waislamu wote kwa jumla, yaani fardhi kifaya, ambayo baadhi wakiitekeleza wengine husamehewa. Lakini kwa muhtasibu aliyeteuliwa ni fardhi ayni, yaani imemkalia yeye mwenyewe shingoni, wala hawezi kujitetea kwamba alidhani fulani ataifanya. La pili ni kwamba muhtasibu, tofauti na mtu wa kujitolea, anayo haki ya kulipwa katika Baitul Mali na haki ya kuwa na wasaidizi, kwa kuwa mtu aliyepewa kazi ya kuwakabili wenye mali na wenye nguvu, kisha akaachwa na njaa na upweke, ameandaliwa kushindwa.

Tukiupima usalama wa Ziwa Kivu kwa mizani hiyo, tunaona kwamba umeachwa kuwa fardhi kifaya. Kila mtu ana sehemu yake ndogo ndani yake, na hakuna ambaye umemkalia shingoni. Mwenye boti anasema abiria ndio waliojisukuma. Nahodha anasema mwenye boti ndiye aliyeamuru. Afisa wa gati anasema mkubwa wake ndiye aliyempigia simu. Askari anasema yeye hulinda mipaka tu. Na abiria, ambaye ndiye aliyelipa, anaambiwa kwamba alipaswa kujihurumia mwenyewe. Agizo halikukosekana. Mwezi Aprili 2019 boti nyingine ilizama katika ziwa hili hili, upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia moja wakapotea, na Rais Félix Tshisekedi akaagiza kwamba abiria wote wa vyombo vya majini wawe na majaketi ya kuokolea. Agizo lilikuwa jema na lilitoka juu kabisa. Baina ya mdomo wa Rais na ubao wa boti, hata hivyo, anatakiwa awepo mtu mmoja mwenye jina, mwenye mshahara na mwenye ruhusa ya kufunga kamba; asipokuwapo, agizo hubaki kuwa habari ya redio.

Watu wa Kongo wenyewe wana namna ya kulieleza pengo hilo, nayo ni ile Ibara ya 15, ambayo husimuliwa kuwa ilitokana na dola ya muda ya Kasai ya Kusini katika machafuko ya 1960, na ambayo maana yake ni: kila mtu ajitafutie njia. Kuanzia mlevi hadi profesa, kila mmoja anaijua. Na ni kweli kwamba kwayo watu wamelea watoto, wamejenga nyumba juu ya lava ya Nyiragongo baada ya volkano za 2002 na 2021, wamefanya Goma uwe mji wa watu wenye bidii isiyochoka. Mimi siwezi kuibeza akili ya mama wa Kituku, anayeanza biashara kwa mkungu mmoja na kusomesha watoto wanne. Lakini Katiba ya nchi iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 ina Ibara ya 16, isiyoimbwa na mtu, ambayo inaweka kwamba nafsi ya mwanadamu ni takatifu na kwamba dola inawajibika kuiheshimu na kuihami. Kituku ni mahali ambapo raia ametimiza ibara yake ya 15 kwa ukamilifu wa kupita kiasi, amejitafutia njia hadi majini, na dola haijaanza kuitimiza ibara yake ya 16.

Hapa atasimama mtu na kuuliza, ni dola gani unayoizungumzia, ilhali tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma umeshikwa na AFC/M23, yaani kundi lile la M23 na muungano wake, na Kinshasa haina hata mlinzi mmoja hapo gatini? Swali ni la haki, nami sitalipita. Mwingereza Thomas Hobbes, aliyeandika kitabu chake kikubwa mwaka 1651 baada ya kuona nchi yake ikichinjana, alisema kwamba utii wa raia hudumu kadiri mwenye mamlaka anavyoweza kumlinda, wala haudumu zaidi. Al-Mawardi naye, ambaye Baghdad yake ilikuwa chini ya maamiri wa upanga, aliandika juu ya uamiri wa istila, ule unaotwaliwa kwa nguvu, na hakuacha kumbebesha mtwaaji masharti: hukumu za dini zilindwe, mali ichukuliwe kwa haki tu, raia wahifadhiwe. Mimi sijengi hapa hoja ya kumhalalishia mtu yeyote mji alioutwaa kwa bunduki. Mambo hayo yana mahakama yake, na damu iliyomwagika Goma katika siku zile za Januari itadai haki yake. Ninachosema ni kwamba ushuru hauna udhuru. Anayesimama mlangoni mwa soko na kupokea fedha ya mama muuza samaki, anayetoza boti kwa kutia gati, amekwisha kudai kwamba yeye ni serikali. Na dai hilo, liwe la halali au la ghasia, linamfunga kwa wajibu wa serikali saa ile ile alipopokea noti ya kwanza.

Na tusidhani kwamba wenzetu wa Tanzania na Visiwani wameyapita haya salama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, kikirejesha watu kutoka gulioni Bugolora, na watu 228 wakafa; chombo kiliruhusiwa kubeba watu 101. Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Hesabu za siku za kwanza zilitaja wafu wapatao 200, lakini tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ilipotoa ripoti yake mwaka 2012 ilionyesha kwamba meli ile, yenye ruhusa ya abiria wapatao 600, ilikuwa na watu zaidi ya 2,000, na kwamba waliopotea walipindukia elfu. Kabla majeraha hayajafunga, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe.

Lakini baada ya Skagit lilitokea jambo ambalo ni nadra katika nchi zetu. Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Hakuwa yeye aliyeshika usukani, wala hakukata tiketi hata moja. Mfano mkubwa uliomtangulia ulikuwa wa 1977, Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani wa Tanzania kwa sababu ya watuhumiwa waliouawa kwa mateso mikononi mwa vyombo vya dola katika mkoa wa Shinyanga, ambao yeye hakuwagusa. Na kujiuzulu kule hakukumwangusha, bali kulimpa heshima iliyomfikisha Ikulu mwaka 1985. Watu waliotenda hivyo walifahamu kwamba cheo ni amana, na kwamba amana ikipotea mwenye kuipokea huulizwa, hata kama mwizi ni mwingine. Naitazama Kongo tangu Oktoba ile, nami sijasikia kiongozi mmoja wa ngazi ya juu aliyesema: hili lilikuwa juu yangu, nami naondoka. Nalisema kwa uchungu, wala si kwa kuwacheka Wakongomani, maana hata Tanzania waliojiuzulu kwa namna hiyo ni wachache.

Ipo hoja moja nzito dhidi ya haya yote, na wanaoitoa si watu wabaya. Husema hivi: ukimweka afisa mkali pale Minova, akazuia boti zilizojaa, basi nauli itapanda, chakula kitapungua Goma, wauzaji wadogo watafilisika, na afisa mwenyewe atageuka mla rushwa anayeuza ruhusa ya kujaza; kwa hiyo mnataka kuwaokoa watu na maji ili wafe kwa njaa. Nakiri kwamba nusu ya hoja hii ni kweli. Amri ya kuzuia, ikiwekwa peke yake juu ya mtumishi asiyelipwa, huzaa bei ya rushwa na hakuna kingine. Hili Kongo imelijua kwa miaka mingi kuliko nchi nyingi, kwa kuwa mtumishi wa umma ambaye mshahara wake haufiki analazimika kula mezani pake, yaani kwa muhuri wake. Lakini nusu iliyobaki si kweli. Watu walijazana katika boti chache kwa kuwa barabara ilifungwa na vyombo havikuongezwa, na fedha zilizokusanywa gatini hazikurudi gatini. Laiti sehemu ya ushuru wa Kituku ingalitumika kulipa safari ya pili kwa siku, au kununua majaketi ya abiria, yule mama asingalikuwa na haja ya kuchagua baina ya njaa na ziwa. Wanaosema usalama ni anasa ya matajiri wanasahau kwamba matajiri wa Goma hawapandi boti zile.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyefariki Cairo mwaka 1406, alifundisha kwamba dhuluma ni dalili ya kuharibika kwa umrani, yaani ustaarabu wa watu, na akaonya tusidhani dhuluma ni kumnyang'anya mtu mali yake tu. Alihesabu katika dhuluma kila kodi isiyo ya haki na kila haki iliyozuiliwa mwenyewe asiipate. Kwa kipimo hicho, kumtoza abiria na kutomhesabu ni dhuluma kamili, hata ikiwa risiti aliyopewa ina nembo na sahihi.

Ninayoyaomba kwa ajili ya Kituku ni madogo, na udogo wake ndio unaoyaondolea udhuru. Kila chombo kinachotoka Minova kiandikiwe daftari la majina, nakala moja ibaki nchi kavu kule, nyingine ipokelewe Goma na kusomwa watu wanaposhuka. Mstari wa mzigo upakwe rangi ubavuni mwa kila boti, ili hata mtoto asiyejua kusoma aone kama umezama. Awepo mtu mmoja, ajulikane kwa jina na kwa sura, ambaye akisema boti hii haiondoki, basi haiondoki, hata akipigiwa simu na mkubwa gani. Alipwe kila mwezi bila ya kuombaomba, na siku akiuza ruhusa ashtakiwe yeye pamoja na aliyeinunua. Tena daftari hilo liwe wazi, ili jamaa wa aliyesafiri aweze kuja kuuliza na akaonyeshwa.

Haya hayangoji mkataba wa amani, wala uchaguzi, wala katiba mpya, ingawa vyote vitatu vinahitajika. Hayangoji mwanafalsafa. Basi nawaambia wote wanaopokea fedha katika gati la Kituku na gati la Minova, kwa jina la Kinshasa, kwa jina la AFC/M23 au kwa jina lao wenyewe, kwamba ninyi ni wadaiwa, na mnadaiwa na abiria mliowatoza. Lianzisheni daftari hilo wiki hii, na karani wake alipwe kwa fedha ya kwanza ya ushuru kabla senti moja haijapelekwa pengine.